Kisa binafsi katika mazungumzo ya Kiingereza ni nini?

Kisa binafsi ni simulizi fupi ya jambo lililomkuta msimulizi mwenyewe, analolileta katikati ya maongezi ya kawaida: kazini wakati wa chai, mezani, kwenye simu. Mara nyingi huisha ndani ya dakika moja au mbili. Wazungumzaji wa Kiingereza hufahamiana sana kwa njia hii, na ndiyo maana mtu wa kwetu aliyesoma Kiingereza vizuri, anayeandika barua pepe bila kosa, anaweza kukaa na wenzake London au Minneapolis akakosa la kusema. Sarufi anayo. Asichofundishwa ni namna kisa kinavyoingia kwenye maongezi na namna kinavyotoka.

Wanaisimu walianza kulichunguza jambo hili kwa makini miaka ya 1960. William Labov, Mmarekani aliyekuwa akichunguza usemi wa watu wa New York, alikuwa na tatizo moja: mtu akiwekewa kinasa sauti huanza kusema Kiingereza cha kujipanga, si kile anachosema nyumbani. Akapata dawa kwa njia ya swali. Aliwauliza watu kama wamewahi kufika mahali wakaona kabisa kwamba wanakufa. Mtu akishaanza kusimulia siku hiyo, habari ya kinasa sauti inamtoka kichwani. Visa vilivyokusanywa, vikiwemo vya vijana weusi wa Harlem, mtaa mmoja wa New York, vilionyesha kwamba watu ambao hakuna aliyewafundisha kusimulia wanafuata mpango unaofanana. Labov na Joshua Waletzky waliueleza mpango huo mwaka 1967, na Labov akaupanua mwaka 1972.

Tuutazame katika mfano huu niliotunga. Jumatatu asubuhi, ofisi moja huko Manchester, mfanyakazi anaingia na kusema:

"You won't believe what happened on the train. So I'm sitting there, half asleep, and this man gets on with a huge cake. No box, nothing, he's just holding it. And I'm like, this is not going to end well. Then the train brakes, and he's fine, he doesn't drop a crumb. And then the lady next to him sneezes. All over it. And he just looks at her and goes, 'Well, it's yours now.' Anyway, that was my morning."

Yaani mtu kapanda treni kabeba keki kubwa mikononi, haina hata boksi. Treni ikafunga breki, keki ikasalimika. Kisha mama wa pembeni akaipigia chafya, na mwenye keki akamtazama tu, akamwambia, "Basi, sasa ni yako."

Sentensi ya kwanza ni muhtasari: inatangaza kwamba kuna kisa, tena cha ajabu. Inafuata mandhari, yaani wapi, nani, hali gani. Kisha matukio kwa mfuatano wake: kapanda, breki, chafya. Neno la mwenye keki ndiyo hatima. Maneno ya mwisho ni kifungio, yanayowatoa wasikilizaji kwenye treni na kuwarudisha ofisini ili mwingine aweze kusema. Hizo ni sehemu tano. Ya sita ni tathmini, yaani namna msimulizi anavyoonyesha kwa nini kisa kinastahili kusimuliwa, na hapo ndipo pa kukaa.

Tathmini haina mahali pamoja, imetawanyika kisa kizima. "No box, nothing" ni tathmini. "This is not going to end well" ni tathmini. Tazama pia "he doesn't drop a crumb": kwa nini mtu asimulie jambo ambalo halikutokea? Kwa sababu kukanusha kunamkumbusha msikilizaji kile kilichokuwa karibu kutokea, moyo ukapanda, ili chafya imkute hajajiandaa. Labov aliona kwamba kila msikilizaji ana swali moja akilini: "So what?", kwa hiyo iweje? Msimulizi mzuri analijibu kabla halijaulizwa. Mtu akisimulia safari yake yote kwa mpangilio, tarehe na saa zikiwa sahihi, bila kuonyesha kwa nini anaisimulia, wenzake watamsikiliza kwa adabu halafu watazungumzia kitu kingine.

Naamini hapa ndipo shule zetu zinapotuangusha. Wengi wetu tulifundishwa kuanza insha ya Kiingereza kwa jua linalong'aa na ndege wanaoimba, sifa nne za asubuhi kabla ya mtu yeyote kufanya lolote. Kwenye maongezi, hali ya hewa inatajwa pale tu inapohusika na kilichotokea.

Jambo la pili linalowashangaza wanafunzi ni nyakati za vitenzi. Treni ilikuwa asubuhi, imeshapita, lakini msimulizi anasema "gets on", "brakes", "sneezes". Mwalimu angeweka wino mwekundu. Mwanaisimu Nessa Wolfson alilichunguza jambo hili na kuonyesha kwamba wasimulizi huhama kati ya wakati uliopita na uliopo ndani ya kisa kimoja, na kuhama kwenyewe kunasaidia kuligawa na kulikoleza tukio. Kwenye ripoti ya kazi usijaribu. Kwenye chai, wala hakuna atakayegundua kwamba umebadilisha wakati.

Vivyo hivyo "this man": hakuna mtu anayeoneshwa kidole, ni namna ya kumwingiza mhusika mpya na kudokeza kwamba tutamsikia zaidi. Na "I'm like" au "he goes" hutangulia maneno au mawazo ya mtu. Mwanaisimu Deborah Tannen ameeleza kwamba maneno hayo kwa kawaida hutungwa na msimulizi, si nakala ya kilichosemwa. Msikilizaji anajua hivyo na hamhesabu msimulizi kuwa mwongo.

Lakini kabla ya yote hayo lazima upate nafasi ya kusema. Harvey Sacks, mwanasosholojia aliyefundisha California hadi alipofariki mwaka 1975, aliliona hili kwa umakini wa pekee. Katika maongezi, kila unapomaliza sentensi mwingine ana haki ya kuingia. Kisa kinahitaji sentensi nyingi, hivyo ni lazima kwanza uombe nafasi ndefu. "You won't believe what happened" ndiyo ombi lenyewe. Mwenzako akijibu "What?", umepewa. Ombi hilo lina kazi nyingine pia: linamwambia msikilizaji asubiri nini. Ukisema ni jambo la kuchekesha, anajua akifika kwenye kichekesho kisa kimeisha na zamu yake ya kucheka imefika. Ukiingia moja kwa moja na "Yesterday I was on the train", huenda akadhani ni taarifa tu, akaanza kukueleza habari za nauli.

Msikilizaji naye ana kazi. Sisi tuna "ehee", "wee!", "kumbe!", wao wana "really?", "no way", "oh my God". Nimeona Waswahili wengi wakizungumza Kiingereza hunyamaza na kuitikia kwa kichwa tu, kwa heshima, na msimulizi anahisi kisa chake kimeanguka. Tena kisa kikiisha, mara nyingi msikilizaji hujibu kwa kisa chake kinachofanana na cha mwenzake. Kwa mgeni inaweza kuonekana kama kumpora mtu jukwaa. Sacks alionyesha kwamba kisa hicho cha pili ni ushahidi wa kuelewa: nimekusikia, na mimi yalinikuta.

Mpango wa Labov, hata hivyo, unafaa zaidi visa vilivyokwisha kuiva kichwani mwa msimulizi. Watafiti Elinor Ochs na Lisa Capps, katika kazi yao ya mwaka 2001, walielekeza macho kwenye visa visivyonyooka: mume anaanza, mke anasahihisha, mtoto anaongeza, na mwisho haujulikani. Mtu katoka kwa daktari na hana hakika kama alidharauliwa au ni yeye aliyechoka. Anasimulia ili aelewe kilichompata. Hapo hakuna kichekesho cha kusubiri, na kisa cha pili kikija haraka kinaumiza. Wanaosikiliza wanauliza "What did he say exactly?" au "And how did you feel?", kisha wanamwacha arudi nyuma na kuanza tena.