Kasisi Mwanamke: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Huku Magharibi mwa Kenya

Nimeketi kwenye mikutano ya kutosha ya kanisa, Kisumu na Butere, hata nazijua hoja kabla hazijatolewa. Jina la mwanamke likipendekezwa kwa nafasi ya juu, wa kwanza kusimama husema: "Haya mambo yameletwa na Wazungu juzi."

Si kweli, na dhana hii ndiyo inayoniuma kuliko zote kwa sababu inafuta historia yetu wenyewe. Mwaka 1983, Askofu Henry Okullu wa Dayosisi ya Kianglikana ya Maseno Kusini, yenye makao yake hapa Kisumu, alimpa Lucia Okuthe ukasisi. Kanisa la Uingereza, lililotuletea huo Uanglikana, lilianza kuwapa wanawake ukasisi mwaka 1994, miaka 11 baadaye. Nani basi alimfuata mwenzake?

Tena Waanglikana hawakuwa wa kwanza. Kanisa la Legio Maria lilipojitenga na Kanisa Katoliki huku Nyanza mwaka 1963, aliyevuta umati pamoja na Simeo Ondeto alikuwa Gaudencia Aoko, mwanamke kijana aliyehubiri na kubatiza. Kule Vihiga, Zakayo Kivuli alianzisha Kanisa la African Israel Nineveh mwaka 1942. Alipofariki mwaka 1974, mkewe, Mama Rabecca Jumba Kivuli, ndiye aliyelishika kanisa na kuliongoza hadi 1983. Hakuna Mzungu aliyewatuma hawa. Bibi zetu waliwafuata kwa miguu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: "Paulo alikataza." Naiheshimu, kwa kuwa wengi wanaoitoa wanalipenda Neno, na maandiko wanayoyashika yapo kweli: 1 Timotheo 2:12, na 1 Wakorintho 14:34 panaposema wanawake wanyamaze katika kanisa. Kosa ni kudhani kwamba Paulo alisema hayo tu. Katika waraka huohuo wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, anaeleza mwanamke avaeje kichwani "asalipo, au anapohutubu". Mtu hatoi mwongozo wa mavazi ya kuhutubia kwa watu aliowakataza kabisa kufungua vinywa. Kwa hiyo ule unyamavu wa sura ya 14 haukuwa wa kila mwanamke, kila mahali, kila wakati.

Kisha fungua Warumi 16. Fibi anaitwa "mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea". Nimewasikia watu wakisema huko kuhudumu ni kupika chai na kufagia. Lakini Paulo anapojieleza mwenyewe pamoja na Apolo katika 1 Wakorintho 3:5, anasema wao ni "wahudumu", na kwa Kigiriki pia neno ni lilelile. Ikiwa Fibi alikuwa mpika chai, basi na Paulo alikuwa mpika chai. Na huyo Apolo, mhubiri hodari, ni nani aliyemweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi? Prisila na mumewe Akila, Matendo 18:26, na jina la mke limetangulia.

Wakristo wenye imani safi bado wanatofautiana juu ya Timotheo, nami sitadai kwamba mjadala umeisha. Ninachokataa ni kusoma mstari mmoja na kuficha kurasa nyingine.

Husemwa pia kwamba mwanamke hataiweza kazi: matanga ya usiku, barabara za matope, ugomvi wa wazee. Hili halihitaji maneno mengi. Nenda kwenye matanga yoyote huku kwetu, uangalie ni nani waliokesha na wafiwa.

Wengine hudhani kanisa lisilompa mwanamke upadri halina viongozi wanawake. Kanisa Katoliki halitoi upadri kwa wanawake, na msimamo huo haujabadilika. Hata hivyo, wanawake huongoza jumuiya ndogondogo na kufundisha katekisimu, na mwaka 2021 Papa Fransisko alirekebisha sheria ya Kanisa ili wanawake nao wapewe rasmi huduma ya usomaji na ile ya altare. Kuongoza na kuwa padri ni mambo mawili.

Liko na lile la uaskofu, eti Kenya haijafika huko. Imefika, na imefikia hukuhuku. Mwaka 2021 Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo. Septemba mwaka huohuo, Rose Okeno akawekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa Anglikana la Kenya. Hakupachikwa na mtu, alichaguliwa.

Tumezoea kumwita mke wa askofu "Mama Askofu". Kwa hiyo siku hiyo pale Butere, mtu aliyeuliza Mama Askofu ameketi wapi alionyeshwa aliyeshika fimbo.