Prosesa isiyotulia: maana yake na namna ya kuikamata

Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea kompyuta yake ya mezani. Alikuja nayo kwa bajaji, kaipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. "Fundi, hii mashine ina jini," akaniambia kabla hata hajaiweka chini. Ramu alishabadilisha. Windows alishapiga mara tatu. Kadi ya michoro aliazima kwa mwenzake, akaijaribu, wapi. Mashine inawaka vizuri, inafungua kila kitu, halafu katikati ya kazi programu inajifunga bila hata neno. Siku nyingine inaleta skrini ya bluu. Siku nyingine inashinda kutwa nzima haina shida, mpaka mwenyewe anaanza kujitilia shaka.

Nikamwomba faili lake moja kubwa la zip. Nikalifungua mara kumi, lile lile, kila mara kwenye folda yake. Mara saba lilifunguka. Mara tatu mashine ikadai faili limeharibika. Nikalihamishia kwenye flashi na kulifungua kwenye laptop yangu: zima kabisa, halina hata alama. Basi faili halikuwa na kosa. Aliyekuwa anakosea ni anayelisoma.

Hiyo ndiyo prosesa isiyotulia: prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta unaopiga hesabu zote, iliyo hai, inayowaka na kuchapa kazi, ila mara moja moja hukosea hesabu ile ile iliyoipatia dakika moja iliyopita. Neno la kushika hapo ni "mara moja moja". Prosesa iliyokufa haisumbui fundi, kwa sababu mashine haiwaki na shauri limekwisha. Na prosesa iliyotoka kiwandani na kasoro ya usanifu nayo ni habari nyingine. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika Lynchburg College huko Virginia, aliweka wazi kwamba Pentium ya Intel inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Ukigawa 4195835 kwa 3145727 jibu ni 1.33382; Pentium yenye kasoro ilitoa 1.33373. Kosa hilo liliigharimu Intel dola milioni 475, lakini angalau lilikuwa kosa aminifu: leo hivyo, kesho hivyo, mashine yako na ya jirani hivyo hivyo. Isiyotulia haina uaminifu huo. Ukiiita mbele ya shahidi, inapatia.

Kwa nini hesabu moja ipatiwe mara tisa na kukosewa ya kumi? Umewahi kuwaona saidia fundi wakipandisha matofali ghorofani. Wanajipanga ngazini, mmoja anaimba, na kwa kila mdundo kila mtu anadaka la chini yake huku akirusha la juu. Ndani ya prosesa ni hivyo hivyo, ila mdundo wenyewe ni wa kutisha. Prosesa ya gigahezi 5 hupiga midundo bilioni 5 kwa sekunde. Kati ya mdundo na mdundo mwanga wenyewe husafiri sentimita 6 tu. Katika muda huo ishara ya umeme inatakiwa ipite kwenye msururu wa transista, vile viswichi vidogo sana vya umeme, na ifike mahali pake kabla ya mdundo unaofuata. Ikichelewa kidogo, anayepokea anadaka hewa, yaani anasoma sifuri palipotakiwa kuwa na moja, na kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chakula cha wale vijana ni volti. Volti ikishuka, transista zinakuwa nzito, ishara inachelewa. Kwa hiyo kila kori ya prosesa, yaani kila kitengo chake kinachopiga hesabu, kwa kila kasi, ina volti yake ya chini kabisa ambayo ikishuka hapo inaanza kudondosha matofali. Wataalamu huiita Vmin. Kiwandani kila prosesa hupimwa, ikaandikiwa ndani yake jedwali la volti inayohitaji kwa kila kasi, na juu yake ikaongezwa akiba kidogo. Akiba hiyo ndiyo utulivu wenyewe. Prosesa inapoacha kutulia, maana yake akiba imeliwa, na swali la fundi ni moja tu: imeliwa na nani?

Mara nyingi imeliwa na mwenye mashine. Kapandisha kasi kupita ya kiwandani, au kapunguza volti ili mashine isichemke baada ya kuona video mtandaoni, ikakubali siku ile, akaamini imekubali daima. Wakati mwingine mlaji ni mazabodi, lile bao kubwa linalobeba prosesa na ramu, iliyowekewa mipangilio ya ajabu, au pawa saplai iliyochoka ambayo volti zake zinayumba pale prosesa inapovuta umeme kwa ghafla. Ramu ya kasi nayo imo: kidhibiti cha ramu kimo ndani ya prosesa, kwa hiyo ukiwasha XMP, mpangilio wa kupandisha kasi ya ramu, ili ikimbie, unakipandisha kasi na chenyewe. Joto, ambalo ndilo watu husingizia kwanza, mara nyingi si muuaji. Prosesa za leo zikifika kama nyuzi 100 hujipunguza kasi zenyewe. Utaona mashine imekuwa nzito, siyo imekosea. Vumbi lisafishe na pesti iliyokauka ibadilishe, hasa kama uko Tanga au Mombasa ambako chumba chenyewe ni tanuri, lakini usidhani hapo umemaliza.

Halafu kuna uzee. Transista huchakaa kwa volti na joto, na jinsi zinavyochakaa Vmin hupanda. Kwa kawaida hupanda polepole sana, akiba ya kiwandani ikatosha maisha yote ya mashine. Kwa kawaida.

Intel walipatwa na isiyo ya kawaida. Prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 zilitoka Oktoba 2022 na za kizazi cha 14 Oktoba 2023. Mojawapo ya kubwa zao, Core i9-14900K, ilikuwa inafika gigahezi 6. Wachezaji wa magemu yaliyojengwa kwa Unreal Engine, programu ya kutengenezea magemu, wakaanza kuletewa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imejaa. Wengine walikuwa na kadi za gigabaiti 24, na gemu ndiyo kwanza linafunguka. Imejaa nini? Ukweli ni kwamba gemu linapofunguka, prosesa ndiyo inayokamuliwa kufungua mafurushi ya data yaliyobanwa, ikakosea, na programu iliyopokea takataka ikalalamikia jambo jingine kabisa. Kadi nzima zikarudishwa madukani kwa kosa la jirani.

Lawama za kwanza ziliwaendea watengenezaji wa mazabodi, na si bure. Intel waliweka ukomo wa wati 253 kwa prosesa hizo za i9. Baadhi ya mazabodi zilikuja zimeandikwa wati 4096, ambayo ni namna ya kusema kula ushibe. Lakini kurudisha ukomo hakukutosha. Julai 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba mikrokodi yao, yale maelekezo ya ndani ya prosesa yanayopakiwa upya kutoka BIOS (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) kila mashine inapowaka, ilikuwa inaagiza volti kubwa kupita kiasi. Agosti wakatoa mikrokodi 0x129 iliyozuia maombi ya zaidi ya volti 1.55. Septemba wakaupa ugonjwa jina, wakautaja kuwa ni kupanda kwa Vmin, na wakaonyesha mahali: saketi inayosambaza mdundo wa saa ndani ya kori. Rudi kwa wale vijana wa ngazini. Wabebaji walikuwa wazima. Aliyeharibika sauti ni yule anayeimba.

Na hapa pana jambo linalowapotosha hata mafundi wazoefu. Volti kubwa kabisa haiji mashine ikiwa na kazi nzito. Kori zote zikifanya kazi pamoja, prosesa hushusha kasi ili isivuke ukomo wa umeme na joto, na volti hushuka nayo. Kilele huja pale kori moja au mbili zinapokurupuka kwa kazi ndogo: kufungua kivinjari, kusasisha programu. Ndiyo maana Mei 2025 Intel waliongeza mikrokodi nyingine, 0x12F, kwa ajili ya mashine zinazoachwa zikiwaka siku nyingi mfululizo zikifanya kazi nyepesi. Na ndiyo maana mtu anapima prosesa yake usiku kucha kwa kori zote, inafaulu, asubuhi anafungua barua pepe inazima. Haikudanganya. Ulipima mahali pengine.

Mwenye prosesa hizo za Core i7, i9 na baadhi ya i5 zilizonunuliwa zikiwa na boksi alipewa dhamana ya miaka 2 zaidi, jumla 5. Mikrokodi mpya inazuia madhara, haiponyi kilichokwisha kuchakaa. Hilo wauzaji wa mitumba hawalisemi, kwa hiyo ukinunua mashine ya kizazi cha 13 au 14, uliza BIOS ilisasishwa lini, na mwenye mashine alikuwa anaifanyia nini.

Sasa kuikamata. Kabla ya programu yoyote ya kupimia, ingia BIOS urudishe mipangilio yote ya kiwandani, XMP ikiwa imezimwa. Wengi hawataki hatua hii kwa sababu mashine inakuwa nzito kidogo, lakini bila hiyo unapima kitu usichokijua. Kama baada ya hapo mashine imetulia siku tatu, jibu unalo tayari.

Isipotulia, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Watu wanakutana na Kernel-Power 41 wanashtuka. Hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, hata ukichomoa waya ukutani itaiandika. Tafuta WHEA-Logger. Hiyo ni prosesa au kifaa chenyewe kinachoungama. Tukio la 19 ni kosa lililogunduliwa likarekebishwa, la 18 ni lililoua. Ndani yake mna namba ya APIC inayoonyesha kosa limetokea kori gani. Namba ile ile ikijirudia siku tatu, umeshamjua mhusika. Ila makosa mengi ya prosesa hayaandikwi popote, maana prosesa haijui kama imekosea. Mwaka 2021 watafiti wa Google walieleza kwamba ndani ya maelfu kadhaa ya mashine zao hukutana na kori chache za namna hii, zinazokosea kimyakimya. Kama wao wenye maghala ya seva wanahangaika nazo, usione aibu.

Ramu ipime kwa MemTest86, nje ya Windows, duru zote zimalizike. Ikitoka safi, pima kori moja moja, siyo zote kwa pamoja: programu ya CoreCycler hufanya hivyo ikitumia Prime95, programu ya kuikamua prosesa kwa hesabu nzito, inaipandisha kori moja hadi kilele chake kisha inahamia nyingine. Acha ifanye usiku. Asubuhi itakuwa imekutajia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji programu. Ingia BIOS, shusha kasi ya juu ya kori kwa hatua mbili, tuseme kutoka 55 hadi 53, yaani gigahezi 5.5 hadi 5.3, usiguse kingine chochote. Rudia ile kazi iliyokuwa inakwama. Ikipita mara ishirini bila kosa, ramu haina hatia, kadi haina hatia, Windows haina hatia. Umempunguzia mwimbaji mdundo na matofali yameacha kudondoka. Hiyo pia ni dawa ya mpito kwa asiye na hela ya prosesa mpya, japo kama kinachoichakaza hakijaondolewa, baada ya miezi utarudi kushusha tena.

Mambo mawili ya tahadhari. Ukitaka kusasisha BIOS, faili lipakue na kulifungua kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu hii iliyo mbele yako ndiyo hiyo hiyo inayoharibu mafaili ya zip. Na kwa umeme wetu, usianze bila UPS. Umeme ukikatika BIOS ikiwa nusu, ulikuwa na prosesa mgonjwa, sasa una maiti ya mazabodi. La pili ni nakala za akiba. Kazi zilizonakiliwa na mashine hii wakati inaumwa huenda zilinakiliwa na makosa yake, na hutajua mpaka siku unazihitaji.

Yule kijana wa harusi, mashine yake ilikuwa na mwenyewe kabla yake. Nilipoingia BIOS nikakuta volti ya kori imepunguzwa kwa milivolti 120, pengine ili feni zisipige kelele. Ilikubali miaka ya mwanzo, akiba ilipopungua ikaanza kusumbua. Nikarudisha ya kiwandani, nikalifungua lile faili mara hamsini, likapita mara hamsini. Tulikaa hadi saa mbili usiku tukikagua video alizokuwa ameshazihifadhi. Nyingi zilikuwa nzima. Moja, ya harusi ya Bagamoyo, inakatika pale bibi harusi anapoingia ukumbini, picha inageuka vibao vya kijani kwa sekunde nne. Kadi ya kamera alikuwa ameshaifuta.