Incredibles 2: Yale Ambayo Alama ya Umri Haikuwaambia Wazazi

Incredibles 2, filamu ya katuni kuhusu familia ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, iliingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani tarehe 15 Juni 2018, na wikendi ya kwanza peke yake iliingiza dola zaidi ya milioni 180. Sehemu kubwa ya umati huo ilikuwa ya wazazi waliowashika watoto mkono. Wengi wao walikuwa wameiona filamu ya kwanza mwaka 2004, wakiwa bado wanafunzi. Kwao miaka 14 ilikuwa imepita. Kwa familia hiyo ya Bob na mkewe Helen haikupita hata siku, kwa kuwa hadithi inaanzia palepale ilipokatikia, na mtoto wao mchanga Jack-Jack bado anatambaa na nepi yake.

Filamu ilipewa alama ya PG, yaani mtoto aitazame kwa mwongozo wa mzazi, kwa sababu ya mapigano na maneno machache yasiyo ya adabu. Baada ya kutoka ukumbini, mambo ambayo wazazi waliyazungumzia kwa uzito zaidi yalikuwa mengine kabisa: mwanga, muda, na jambo moja linalosimuliwa kwa maneno tu. Kazi yangu ni kuwachambulia wazazi filamu za watoto, na hii naitumia mara kwa mara kuonyesha kwamba alama ya umri hujibu swali moja tu kati ya mengi ambayo mzazi anapaswa kuuliza.

Nianze na mwanga, maana huo ndio uliohusu afya.

Adui wa filamu hii anaitwa Screenslaver. Silaha yake ni kioo cha runinga: anayekitazama huduwaa na kufuata amri. Helen anapomfuatilia hadi kwenye maficho yake, wanapigana ndani ya chumba chenye giza huku mwanga mweupe ukiwaka na kuzimika haraka sana na michoro ikizunguka ukutani. Siku chache tu baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, watazamaji wenye kifafa na wazazi wa watoto wenye kifafa walianza kuonyana mitandaoni. Shirika la kifafa la Marekani, Epilepsy Foundation, likatoa tahadhari, na Disney ikayaomba majumba ya sinema yabandike tangazo mlangoni kuwa filamu ina mimweko ya mwanga. Uingereza, ambako ilitoka mwezi Julai, ilionyeshwa ikiwa imerekebishwa ili ikidhi vipimo vya nchi hiyo vya mimweko.

Kwa nini mwanga wa sekunde chache umwangushe mtoto? Macho yanapopokea mimweko kwa mpigo mmoja unaojirudia, seli za sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona hufuata mpigo huo. Kwa watu wengi hilo haliendi mbali. Kwa wachache, seli nyingi mno hushika mpigo kwa pamoja, umeme wa ubongo husambaa bila mpangilio, na degedege la kifafa hutokea. Mpigo wa hatari ni kati ya mimweko 3 na 30 kwa sekunde. Hesabu ya sinema inaeleza tatizo lilivyo: filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde. Mhariri akiweka picha moja nyeupe na moja nyeusi kwa kupokezana, amepata mimweko 12 kwa sekunde, katikati kabisa ya eneo la hatari. Akiacha picha nne nyeupe zifuatwe na nne nyeusi, anapata mimweko 3, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa katika kanuni za televisheni za Uingereza. Kanuni hizo huangalia pia ukubwa wa eneo linalomweka: likizidi robo ya kioo, hatari hupanda. Mwanga mwekundu uliokolea ni mbaya zaidi, na hata mistari ya kupishana ya rangi mbili inaweza kuleta madhara yaleyale bila mmweko wowote.

Japani ililijua hili kwa uchungu tarehe 16 Desemba 1997, pale katuni ya Pokémon ilipomwesha nyekundu na bluu kwa kasi ya takriban mara 12 kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali jioni ileile. Wengi wao hawakuwa na historia ya kifafa. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Mzazi husema, “Mwanangu hana kifafa, tangazo hili halinihusu.” Kifafa kinachoamshwa na mwanga hupatikana kwa takriban asilimia 3 ya watu wenye kifafa, lakini hujitokeza zaidi utotoni na katika ujana, na mara nyingi familia huligundua siku ya tukio la kwanza. Mwanga huohuo huweza pia kuamsha kipandauso, na kumchosha vibaya mtoto mwenye usonji anayesumbuliwa na mwanga mkali.

Ukumbi wa sinema huongeza ukali wa jambo hili. Chumba ni giza, mboni zimepanuka, na kioo kimejaza sehemu kubwa ya uwanja wa macho. Kwa hiyo kiti ni uamuzi wa kiafya. Chagua safu za nyuma, ambako kioo huonekana kidogo, na ukae pembeni karibu na njia ili uweze kutoka bila kuruka magoti ya watu. Hakikisha mtoto amelala vya kutosha usiku uliotangulia na amekula. Kama anatumia dawa za kifafa, asiruke dozi kwa sababu ya ratiba ya filamu. Uchovu na dozi iliyorukwa hufanya ubongo ushtuke upesi zaidi.

Mimweko ikianza, usimwambie mtoto afumbe macho tu. Mwanga mkali hupenya kope, na kwa baadhi ya watu kufumba huzidisha. Mfunze kabla hamjatoka nyumbani: azibe jicho moja kabisa kwa kiganja, kisha ageuze uso mbali na kioo. Jicho moja likizibwa kikamilifu, idadi ya seli zinazopokea mpigo hupungua sana. Fanyeni mazoezi mara mbili tatu kama mchezo, kwa neno moja mtakalokubaliana, kwa mfano “Kiganja!” Ukumbini hakuna muda wa kueleza.

Ikiwa mtoto ataanguka, angalia saa kwanza. Mshushe chini kama yuko ukingoni mwa kiti, ondoa mabegi na vyupa, weka sweta chini ya kichwa, kisha mlaze kiubavu ili mate yatoke. Mwombe mhudumu awashe taa za ukumbi na filamu isimamishwe. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Najua desturi hii imeenea kwetu, lakini ulimi haumezwi. Kinachotokea ni meno kuvunjika au kidole kung’atwa. Usimnusishe kiberiti wala kitunguu, usimpe maji, na usimbane mikono kumzuia kutikisika. Degedege likipita dakika 5 bila kukoma, au likirudi kabla hajapata fahamu, au kama ni mara ya kwanza maishani mwake, anahitaji hospitali mara moja. Na hata likikoma lenyewe, mkamweleze daktari kilichokuwa kwenye kioo wakati ule. Maelezo hayo humsaidia kuchagua vipimo.

Nyumbani hatari hupungua, haiishi. Washa taa ya chumba. Mtoto akae angalau mita 2.5 kutoka kwenye runinga, na upunguze ukali wa mwanga wa kioo. Simu ina kioo kidogo, lakini mtoto aliyelala kitandani akiishika sentimita 15 kutoka usoni amekifanya kidogo kuwa kikubwa. Ninaloliwazia zaidi ni kibanda umiza. Filamu kama hii hufika pale bila bango la tahadhari, chumba kimefunikwa magunia ili kiwe giza, na watoto ndio wanaosukumwa mbele kabisa chini ya runinga. Kama mwanao huenda huko, mwambie akae nyuma. Ukimfahamu mwenye kibanda, mwombe aache taa moja ikiwaka, picha haitaharibika.

Jambo la pili ni muda. Incredibles 2 ina dakika 118. Sinema ziliitanguliza kwa filamu fupi ya Bao yenye dakika kama 8, na kabla yake kulikuwa na matangazo ya filamu nyingine. Ukijumlisha, mtoto wa miaka 4 alikuwa akikalishwa zaidi ya saa mbili na robo. Kinachowachosha wadogo si urefu pekee. Baada ya vurumai ya mwanzo, hadithi hutulia kwa muda mrefu: familia iko motelini, wazazi wanajadili kazi na sheria, kisha kuna mkutano na ndugu wawili matajiri, Winston na Evelyn. Watu wazima hupenda sehemu hii. Mtoto wa chini ya miaka 6 huanza kuuliza maji na choo papo hapo. Mpeleke chooni wakati wa matangazo, hata akikataa, na bisi usizifungue mpaka filamu yenyewe ianze. Zikiisha mapema, hutakuwa na kitu cha kumshikia katika kipindi hicho cha maongezi.

Bao nayo iliwashtua wazazi wengi. Mama Mchina anayeishi Canada anapata mtoto aliyeumbika kutokana na andazi la mvuke, anamlea, mtoto anakua na kutaka kuondoka, na mama anammeza. Ni fumbo la mama asiyeweza kumwachilia mwanawe, na baadaye mtoto halisi anaonekana. Mtu mzima hulielewa na pengine hulia. Mtoto mdogo ameona jambo moja tu: mama amemla mwanawe. Usimnyamazishe kwa “hiyo ni katuni”. Mnong’oneze palepale kwamba mama alikuwa akiota, na mwanawe yupo mzima. Hapo atatulia, maana swali lake lilikuwa usalama.

Jambo la tatu ni lile linalosimuliwa kwa maneno tu. Katika mkutano wa Winston na Evelyn kuna maelezo ya jinsi wazazi wao walivyokufa: majambazi walivunja nyumba, baba akapiga simu kuwaita mashujaa badala ya kukimbilia chumba cha kujificha, akapigwa risasi, mama akafa miezi michache baadaye. Mtoto anayecheka majengo yakiporomoka anaweza kukaa kimya hapa, kwa sababu majengo ni mchezo, na mwizi anayeingia nyumbani usiku anamjua. Kwa familia iliyofiwa karibuni au iliyowahi kuvamiwa, hili ndilo ningetaka mzazi alijue kabla ya kununua tiketi. Ni lenye uzito kuliko mapigano yote yaliyosababisha alama ya PG.

Upande wa furaha, kicheko kikubwa cha wazazi kilimfuata Bob. Helen ameitwa kazini, na Bob, anayeweza kuinua treni, amebaki na hesabu za mwanawe Dash ambazo siku hizi hufundishwa kwa njia asiyoijua, na binti yake Violet ambaye kijana aliyempenda amefutwa kumbukumbu, na Jack-Jack anayewaka moto, kupasua ukuta kwa mwanga wa macho na kupotelea mahali pasipoonekana hadi aonyeshwe biskuti. Usiku hapati usingizi, ndevu zinamwota. Wapo waliolalamika kwamba baba asiyejua nyumba ni utani uliochoka. Mimi naiona tofauti. Filamu haimwachi Bob akiwa mjinga. Anakaa usiku akisoma kitabu cha Dash mpaka anaelewa, kisha anamwamsha mtoto wafanye pamoja kabla ya mtihani. Anamwomba Violet msamaha. Akizidiwa anampeleka mtoto kwa Edna, mshona mavazi ya mashujaa, akakubali kwamba anahitaji msaada. Baba zangu na kaka zangu mnaosoma hapa, mkitoka ukumbini msiishie kumtania Bob mbele ya watoto. Muulizeni mtoto: Bob alipokosea hesabu mara ya kwanza, alifanya nini? Wa miaka 7 na kuendelea huweza kulijibu hilo vizuri, na jibu lake litakueleza anavyoona msaada anaoupata nyumbani kwake.

Kwa wakubwa zaidi, kuanzia miaka 9, mazungumzo mazuri yako kwenye hotuba ya Screenslaver, anayewasuta watu kwamba wanatazama maisha kwenye vioo badala ya kuyaishi. Mtoto makini atauliza mbona adui amesema kweli. Usikimbilie kumjibu. Mruhusu atenganishe mambo mawili mwenyewe: neno linaweza kuwa la kweli na anayelitumia akawa na nia ya kudhuru. Mdogo wake wa miaka 5 muulize tu ni nguvu ipi ya Jack-Jack angeitaka. Na siku mbili za mwanzo angalia usingizi wake. Akiogopa kinyago cha Screenslaver, mchoree kwenye karatasi, mpe kalamu za rangi, amwekee masharubu na kofia apendavyo, kisha karatasi mwibandike ukutani mahali anapoiona kabla ya taa kuzimwa.