Majivu si saruji

Jana nimepigiwa tena simu ileile, safari hii na mkandarasi wa Morogoro: "Shikamoo mhandisi. Kiwanda cha sukari kinatupa majivu ya makapi ya miwa bure. Nikiyachanganya na udongo wa mbuga wa barabara yangu, si nimeshapata saruji?"

Marahaba, lakini hujapata. Majivu hayo yana silika nyingi, madini yaleyale ya mchanga, na kalsiamu kidogo mno. Yaloweshe peke yake, yaache wiki nzima, utakuta tope la kijivu. Anayeianza kazi ni chokaa. Ikiyeyuka kwenye maji ya udongo, pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali, hupanda hadi karibu 12.4, na hapo ndipo silika na alumina za majivu na za mfinyanzi huyeyuka, zikashikana na kalsiamu kuwa gundi.

"Basi chokaa ninayo, ya shambani." Jamani! Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa, kalsiamu kabonati. Inapunguza tindikali ya shamba, lakini pH ya 12 haiifikii hata umwage lori zima. Barabarani tunataka iliyochomwa, au iliyochomwa ikazimwa kwa maji. Na hiyo iliyozimwa, mfuko ukikaa wazi msimu mzima, hewa huirudisha kuwa kabonati. Umelipia chokaa, unamwaga vumbi la jiwe.

Majivu meusi yana kaboni isiyoungua: yanakunywa maji, nguvu hayaleti. Ya pumba za mpunga yakichomwa kwa moto mkali mno, silika inageuka fuwele na chokaa haiigusi tena.

Kinachowadanganya wengi ni siku ya kwanza. Udongo uliokuwa unanata kwenye buti kama ulimbo, kesho yake unamomonyoka kiganjani kama punje. Watu wanashangilia, greda inaondoka. Hapo kalsiamu imebadilishana nafasi na sodiamu kwenye mfinyanzi, basi. Nguvu yenyewe huja kwa wiki na miezi, tabaka likishindiliwa na kutunzwa likiwa na unyevu. Salfeti, chumvi za salfa kwenye udongo, pima kabla ya yote. Ikiwa nyingi, chokaa hiyohiyo itaivimbisha barabara.

Mwenyewe kuna kipimo nisichokiamini kama zamani: kile cha pH. Kinasema chokaa imetosha. Hakisemi kama udongo utashika. Nimewahi kuwa na vipande viwili vya udongo na chokaa vya pH sawa, na baada ya siku 28 kimoja nikakivunja kwa vidole.

Kwa hiyo nitumie magunia mawili ya udongo, na ndoo ya majivu ya rundo lilelile utakalotumia. Nitatengeneza vipande vya majaribio kwa chokaa, nivilowesha na kuviponda siku ya 7 na ya 28. Kabla ya hapo, asilimia ya chokaa sikutajii.