Je, wajua kwa nini Washington Capitals walipoteza mechi 67 kati ya 80?

Msimu wa 1974–75 timu mpya kabisa ya hoki ya barafuni, Washington Capitals, ilianza kucheza katika NHL, ligi kuu ya mchezo huo inayounganisha Marekani na Kanada. Ilicheza mechi 80. Ikashinda 8, ikatoka sare 5, zilizobaki 67 zote ikapoteza. Ilifunga mabao 181, yenyewe ikafungwa 446. Ushindi ulikuwa na pointi 2 na sare 1, hivyo walimaliza na pointi 21 kati ya 160, na katika historia yote ya NHL hakuna timu iliyocheza mechi 70 au zaidi ikavuna kiasi kidogo kuliko hicho. Ugenini ndiko kulikokuwa na balaa lenyewe: mechi 40, ushindi 1, vipigo 39.

Unaweza kusema tu kwamba timu ilikuwa mbovu, ukaachia hapo. Lakini wachezaji wake walikuwa watu wa kazi hiyo, wanalipwa, na wengi walishacheza katika timu nyingine za ligi hiyohiyo. Ubovu wa kiwango kile ulitengenezwa mapema, kwenye vikao na makaratasi, kabla mtu yeyote hajakanyaga barafu.

Kwetu timu huingia ligi kuu kwa kupanda daraja, kwa hiyo inafika ikiwa na kikosi chake kilichozoeana. NHL haina kupanda wala kushuka. Tajiri analipa ada, anapewa nafasi, kisha ndipo anatafuta wachezaji. Mwaka 1974 nafasi hiyo ilikuwa dola milioni 6. Abe Pollin ndiye aliyelipia ya Washington, na tayari alikuwa amejenga ukumbi, Capital Centre, huko Landover, Maryland, uliofunguliwa Desemba 1973. Kansas City Scouts waliingia mwaka huohuo kwa utaratibu uleule.

Wachezaji walipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchota kutoka timu 16 zilizokuwapo, zoezi lililofanyika Juni 1974. Kila timu ya zamani iliruhusiwa kuwafungia kabatini makipa 2 na wachezaji wa ndani, yaani wasio makipa, 15. Waliobaki nje ya orodha hiyo ndio waliowekwa mezani. Washington na Kansas City wakachagua 24 kila mmoja, yaani kila timu ya zamani ilipoteza watu 3.

Sasa piga hesabu. Miaka ile timu ilivalisha makipa 2 na wachezaji wa ndani 17 kwa mechi moja, jumla 19. Ukishawalinda 17, umebakiwa na wawili tu wa kikosi cha siku ya mechi ambao unaweza kunyang'anywa, na wa tatu anatoka miongoni mwa wasiopangwa. Na vijana waliokuwa na mwaka mmoja tu wa kulipwa hawakuguswa. Kwa maneno mengine, Capitals walijengwa kwa mchezaji wa 18, wa 19 na wa 20 wa kila mtu. Ni kama kualikwa karamuni sahani zikiwa zimeshakusanywa.

Bado hata hao wa 18 na wa 19 hawakuwa wa kiwango cha miaka ya nyuma. Mpaka 1967 NHL ilikuwa na timu 6 tu. Mwaka huo zikawa 12, mwaka 1970 zikafika 14, 1972 zikawa 16, na 1974 ndipo zikafika 18. Juu ya hayo, mwaka 1972 ilizaliwa ligi pinzani, WHA, iliyokuwa na timu 14 msimu huo wa 1974–75. Ilikuwa na fedha na haikuona haya kuzitumia: mshambuliaji nyota Bobby Hull alihamia Winnipeg mwaka 1972, na mwaka uliofuata mkongwe Gordie Howe akarudi uwanjani akiwa na Houston, akicheza pamoja na wanawe wawili. Ndani ya miaka minane timu za ngazi ya juu zilitoka 6 hadi 32. Ukizidisha kwa watu 19, ajira zilipanda kutoka 114 hadi 608. Na karibu wachezaji wote hao walitegemewa kutoka Kanada, nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 23. Wazungu wa Ulaya walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na Wasovieti hawakuruhusiwa kutoka kwao.

Njia ya pili ilikuwa kuchagua vijana chipukizi. Uchaguzi wa 1974 NHL iliufanya kwa simu, kwa siri, ili WHA wasijue nani anatakiwa na nani. (Zoezi lilichosha kiasi kwamba meneja wa Buffalo, Punch Imlach, alimchagua Mjapani aitwaye Taro Tsujimoto, mtu ambaye hakuwahi kuwepo duniani, na ligi ikamwandika.) Washington walipewa chaguo la kwanza kabisa, wakamchukua beki Greg Joly, kijana aliyetoka kung'ara na timu ya vijana ya Regina Pats. Uchaguzi wenyewe haukuwa wa kipuuzi. Ila beki ndiye mchezaji anayechelewa kuiva kuliko wote, kwa sababu kosa la mshambuliaji ni nafasi iliyopotea, na kosa la beki ni bao. Joly alitupwa kwenye moto siku ya kwanza, akaumia, akacheza mechi 44 tu.

Chaguo lao la pili, Mike Marson, alikuwa mchezaji wa pili mweusi kuingia NHL, baada ya Willie O'Ree aliyecheza Boston mwaka 1958. Alikuwa na miaka 19, akafunga mabao 16, si haba kwa kinda katika timu ile. Mwezi Desemba Bill Riley naye akapewa mechi moja, akawa wa tatu.

Kwa hiyo kikosi kilikuwa na vijana wasioiva, wachezaji wa akiba wa watu wengine, na wazee. Nahodha Doug Mohns alitimiza miaka 41 katikati ya msimu. Mfungaji wao bora, Tommy Williams, alikuwa na mabao 22 na pasi za mabao 36, idadi ya kawaida kwa timu nyingine yoyote. Msimu huohuo Bobby Orr wa Boston, naye ni beki, alimaliza na pointi 135, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja.

Lakini kikosi dhaifu kinafungwaje mabao matano na nusu kwa mechi, wastani wa msimu mzima? Hapa inabidi kushuka kwenye barafu yenyewe.

Timu ina watu watano na kipa. Wanakimbizana na kisahani cha mpira mgumu, uzito wa gramu 170 hivi, kwenye uwanja wa mita 61 kwa 26. Kasi ni kubwa mno, hivyo mchezaji hukaa uwanjani sekunde 45 hadi dakika moja, kisha anarudi benchini na mwingine anaruka ukuta kuingia, mchezo ukiendelea. Kila kitu kinaanzia kwenye pasi ya kwanza ya beki kutoka eneo lake. Akiitoa safi, washambuliaji wanaondoka nayo. Asipoiweza, kisahani kinabaki palepale mbele ya kipa wake.

Tazama sasa dakika moja ya timu isiyoiweza pasi hiyo. Beki anakiokota kisahani nyuma ya goli, mpinzani yuko mgongoni, anakisukumia ukutani kwa matumaini. Mpinzani mwingine anakidaka kwenye mstari wa buluu, mpaka wa eneo lako la ulinzi, na kukirudisha ndani. Sekunde 40 zimepita, miguu imekufa, lakini huwezi kwenda benchini ukaacha kipa peke yake. Kipindi cha pili ni kibaya zaidi, kwa sababu timu zimebadilishana upande na benchi lako sasa liko mbali na goli lako. Mwisho mtu anakipiga kisahani mbali, kinavuka uwanja mzima hadi nyuma ya mstari wa goli la wapinzani. Hiyo ni faulo: mchezo unasimama na kisahani kinarudishwa kudondoshwa karibu na goli lako. Wakati ule angalau uliruhusiwa kuwatoa waliochoka baada ya kosa hilo; marufuku ilikuja 2005. Wanaingia wengine, wanapoteza kisahani kinapodondoshwa, linapigwa shuti kutoka mbali kipa akiwa amezibwa macho na watu, kisahani kinamgonga mguuni na kudondoka mbele yake. Wa kukiondoa ni beki. Akichelewa nusu sekunde, ni bao. Akiona amechelewa akamvuta mtu kwa gongo, anakwenda kifungoni dakika 2, na wenzake wanabaki wanne dhidi ya watano.

Kuna takwimu inayoonyesha jambo hili kuliko zote. Kila bao likifungwa timu zikiwa na idadi sawa ya watu, waliokuwa uwanjani upande uliofunga wanaongezewa 1, na wa upande wa pili wanapunguziwa 1. Beki Bill Mikkelson alimaliza msimu ule na alama toa 82, katika mechi 59. Hakuna aliyefika huko kabla yake wala baada yake. Binafsi naona anaonewa anapotajwa kama mchezaji mbovu kuliko wote: ili upunguziwe mara nyingi hivyo lazima kocha awe anakupanga, na kocha humpanga aliye bora kati ya alionao.

Makipa ndio walioteseka. Ron Low alishinda mechi zote 8 za timu, akapoteza 36. Michel Belhumeur hakushinda hata moja: vipigo 24, sare 3. Katika mechi moja dhidi ya Chicago alipangua penalti mbili, na ushindi haukupatikana. John Adams, wa tatu, alipoteza 7 kati ya 7.

Na ugenini? Safari zilikuwa na mchango wake. Ligi iliwaweka kundi moja na Montreal, Pittsburgh, Detroit, na Los Angeles iliyoko upande wa pili wa bara. Viwanja navyo havikulingana: wa Boston ulikuwa na urefu wa mita 58 tu badala ya 61, hivyo mpinzani anakufikia haraka kuliko ulivyozoea. Lakini silaha kubwa ya mwenyeji ni ndogo na haionekani na watazamaji wengi. Mchezo ukisimama, kocha mgeni lazima apange watu wake kwanza, kisha mwenyeji anapanga wa kwake akiwa ameshaona. Kwa timu mbili zinazolingana ni faida kidogo. Kwa Capitals ilikuwa kuchinjwa, maana Montreal wangeweza kumwingiza Guy Lafleur, aliyefunga mabao 53 msimu ule, kila wanapoona mabeki wale wachanga wametoka benchini. Nyumbani kocha wa Washington angalau aliweza kuwaficha. Ndiyo maana ushindi 7 kati ya 8 ulipatikana Landover, wa kwanza ukiwa dhidi ya Chicago, 4 kwa 3, tarehe 17 Oktoba.

Makocha watatu walijaribu. Jim Anderson aliondoka na ushindi 4 na vipigo 45. Red Sullivan akapata 2, akapoteza 16, akaachia ngazi. Hapo meneja mwenyewe, Milt Schmidt, akavaa kofia ya kocha. Huyu alikuwa ndiye meneja aliyeijenga Boston iliyotwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, 1970 na 1972, kwa ustadi wa kubadilishana wachezaji. Washington hakuwa na wa kumbadilisha. Kuanzia Februari 18 hadi Machi 26 timu ilifungwa mechi 17 mfululizo.

Hata mavazi yao ya uwanjani yaliwaaibisha. Mwanzoni walipewa kaptura nyeupe. Hoki ni jasho na barafu iliyoyeyuka. Kitambaa cheupe kikilowa kinaonyesha kila doa na zaidi ya doa. Zikabadilishwa kuwa za buluu.

Tarehe 28 Machi 1975, baada ya kufungwa mara 37 mfululizo ugenini, waliwafunga California Golden Seals 5 kwa 3 mjini Oakland. Wachezaji wakachukua pipa la taka, wakalitia saini, wakalizungusha wameliinua juu kama vile ni Kombe la Stanley lenyewe. Kisha wakapoteza mechi mbili za ugenini zilizobaki. Msimu waliufunga kwao kwa kuwachapa Pittsburgh 8 kwa 4.

Mtu atauliza: Kansas City si walichota chungu kilekile? Kweli, na walipata pointi 41, karibu mara mbili. Kwa hiyo sheria haielezi yote. Majeraha ya Joly, mabeki waliochaguliwa na kubadilisha makocha vilikula sehemu yake. Ila Scouts nao walipoteza mechi 54, na baada ya misimu miwili walihamishiwa Denver. Washington walibaki mahali pao, wakasubiri hadi 1983 kucheza mtoano kwa mara ya kwanza.

Ligi ilichelewa sana kuilegeza sheria. Vegas Golden Knights walipoingia mwaka 2017 ada ilikuwa dola milioni 500, na kwa bei hiyo timu za zamani ziliruhusiwa kulinda watu wasiozidi 11 badala ya 17, kila moja ikipoteza mchezaji mmoja. Vegas walifika fainali msimu wao wa kwanza. Waliowafunga hapo, mechi 4 kwa 1, Juni 2018, na kutwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza, walikuwa Washington Capitals.