Basi la Umeme ni Zuri, Ila Uliza Mwenye Basi Analipwaje

Kila ukifungua habari siku hizi kuna mji umezindua kitu, huku metro, yaani treni ya mjini, isiyo na dereva, kule mabasi ya umeme, kwingine vibanda vinapita juu ya mapaa kwa waya, na picha zake ni nzuri kweli, kiongozi anakata utepe, watu wanapiga selfi. Hakuna ubaya. Ila sisi tunaofanya kazi ya mipango ya usafiri tukiona picha hizo tunatafuta kwanza vitu ambavyo havipigwi picha, yaani mwenye basi analipwa kwa kigezo gani, na basi lenyewe likiingia barabarani linapewa nafasi au linakaa foleni na magari mengine. Nataka tuongelee hayo leo maana naona wananchi wanaoneshwa chombo kipya, wanashangilia, alafu huduma inabaki ile ile.

Tuanze na umeme maana ndo unaosikika zaidi. Shenzhen kule China, ilipofika mwisho wa 2017 mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme, mji mkubwa wa kwanza duniani kufika hapo. Wengi wanadhani siri ni kwamba kampuni ya BYD inayounda mabasi hayo ipo pale pale, na kweli ilisaidia, lakini mzigo ulibebwa na ruzuku kubwa ya serikali kuu na ya mji wenyewe, pamoja na kazi ya kuchosha ya kutafuta maeneo ya kuchajia maelfu ya mabasi kila usiku bila kuzidisha mzigo kwenye laini za umeme. Basi la betri kulinunua ni ghali kuliko la dizeli, likishaanza kazi ndo linapunguza gharama, sehemu nyingi umeme unakuja kwa bei ya chini kuliko mafuta na mota yake haina oili ya kumwaga wala mambo mengi ya kuharibika. Kwahiyo hela nyingi inatakiwa mwanzoni, na kampuni ya mabasi yenye faida ndogo hiyo hela haina, benki nayo inaogopa.

Hapo ndo Santiago, Chile, ilifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mabasi yenyewe. Mwishoni mwa 2018 yalipoingia mabasi 100 ya kwanza ya umeme, aliyeyanunua hakuwa mwendeshaji, alikuwa kampuni ya umeme, Enel X, ambayo iliyakodisha kwa mwendeshaji, Metbus, na kujenga vituo vya kuchaji, na malipo ya kukodi yakawekwa ndani ya mfumo wa mji kiasi kwamba hata mwendeshaji akiondolewa basi linahamia kwa anayefuata na mwenye basi anaendelea kulipwa. Yaani walitenganisha mwenye mali na mwenye kazi. Aliyewekeza akawa na uhakika, riba ikashuka, na mji ukapata nguvu ya kumfukuza mwendeshaji mbovu bila kubaki mikono mitupu, maana zamani ukimfukuza anaondoka na mabasi yake. Leo mji ule una mabasi ya umeme zaidi ya 2,000, moja ya miji yenye mengi kabisa nje ya China.

Na msidhani Santiago walizaliwa wanajua. Tarehe 10 Februari 2007 walibadilisha mfumo mzima wa mabasi kwa siku moja, ruti zote, kadi mpya, kampuni mpya, wakauita Transantiago, na ikawa balaa, mabasi hayakutosha, watu wakajazana kwenye metro mpaka wakashindwa kupumua, rais wa wakati huo Michelle Bachelet akaomba radhi hadharani. Moja ya sababu kubwa ilikuwa mikataba. Waendeshaji walikuwa na uhakika wa karibu mapato yao yote hata basi lisipotoka, sasa nani atahangaika kutoa basi? Mtu akisoma habari za 2007 anaona mabasi machache, mimi naona mkataba ulioandikwa vibaya.

Upande wa pili kuna ule mfumo ambao nusu ya dunia inauishi, dereva analipwa kwa idadi ya abiria aliowapakia. Ukimlipa mtu kwa kichwa atafanya nini? Atasubiri gari lijae, atakimbizana na mwenzie kwenye kituo, atakatisha ruti ikiwa haina watu, usiku hatakuja kabisa. Watu wanamlaumu dereva kwamba hana adabu, mi nasema hapana, yule anafuata hesabu aliyopewa.

Seoul walikuwa na tatizo hilo hilo, makampuni mengi yanagombania ruti nono na kuzikimbia zile za pembeni. Tarehe 1 Julai 2004 mji ukachukua madaraka ya kupanga ruti, nauli zote zikaingia kwenye kapu moja, na kampuni zikaanza kulipwa kwa kilomita basi lilizotembea, sio kwa abiria. Mabasi yakapakwa rangi kulingana na kazi yake, bluu yanavuka mji, kijani yanapeleka abiria kwenye metro, mengine yanaenda miji ya jirani, na abiria akawa analipa kwa umbali wa safari yake nzima hata akipanda basi, akashuka, akaingia treni. Siku za mwanzo kulikuwa na vurugu, mashine za kadi ziligoma, watu walilalamika sana, ila mfumo ulisimama na ndo mpaka leo. Gharama yake pia tuseme wazi, mji unatoa ruzuku kila mwaka na ruzuku hiyo imekuwa ikileta mabishano.

Jakarta, Indonesia, ndo mfano ninaoupenda zaidi kwa miji yenye vijibasi vingi vya watu binafsi. TransJakarta ilianza 2004 kama mabasi makubwa kwenye njia zake maalum, ikatanuka mpaka ikawa na mtandao wa njia hizo mrefu kuliko wowote duniani, karibu kilomita 251, lakini vile vigari vidogo vya mitaani, angkot, vikabaki nje vikishindana nayo. Kuanzia 2018 wakaanza kuviingiza ndani, hawakuvipiga marufuku, wakawaambia wenye magari jiungeni kwenye ushirika, wekeni gari kwenye hali inayotakiwa, na sisi tutawalipa kwa kilomita. Dereva sasa hana haja ya kusubiri lijae. Abiria anagusisha kadi anapanda, na kwenye vile vidogo nauli yenyewe ni sifuri, vinamleta mtu kwenye basi kubwa. Nimeona wataalamu wengi wakiandika kwamba vijibasi ni uchafu wa kuondoa mjini. Sikubaliani nao hata kidogo, vijibasi vinajua mitaa ambayo hakuna mpangaji anaijua, kinachotakiwa kubadilika ni malipo.

Haya, tuje kwenye barabara. Njia moja ya magari binafsi inapitisha watu takriban 600 mpaka 1,600 kwa saa, njia hiyo hiyo ukiipa mabasi peke yake inapitisha maelfu kadhaa, na Bogotá, Colombia, ambako mfumo wa mabasi wa TransMilenio ulianza Desemba 2000 ikiwa na njia za kupishana vituoni, walifika watu zaidi ya 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, idadi ambayo metro nyingi haziifikii. Msongamano ndani ya mabasi yale ni mkubwa na wakazi wanalalamika kwa haki, ila hesabu ya nafasi haibishaniki. Dakar wamefuata njia hiyo, tangu Mei 2024 abiria wanapanda mabasi marefu ya umeme kwenye njia maalum ya kilomita 18.3, umeme na njia vimekuja pamoja, na hilo ndo nililokuwa natamani kuliona. Basi la umeme likikaa kwenye foleni linapunguza moshi tu, mwanafunzi anachelewa vile vile.

Kuna miji imeenda mbele zaidi ikaanza kutoza gari binafsi linaloingia katikati ya mji. Singapore walianza 1975, London 2003, Stockholm wakajaribu 2006. Stockholm ina somo zuri sana, kabla ya majaribio watu wengi walipinga, magari yaliyokuwa yanaingia yakapungua kwa karibu asilimia 20, watu wakaona barabara zimefunguka kwa macho yao, wakapiga kura wakakubali, ikawa ya kudumu 2007. New York nao baada ya kuzungushana miaka na miaka, gavana akasimamisha Juni 2024 wiki chache kabla ya kuanza, alafu ikarudi kwa kiwango cha chini, tarehe 5 Januari 2025 wakaanza kutoza dola 9 kwa gari dogo linaloingia Manhattan, katikati ya mji, kusini mwa mtaa wa 60 saa za mchana, na hela inaenda kukarabati treni na mabasi. Hiyo sehemu ya mwisho ndo ya kushika. Tozo ambayo hela yake haijulikani inaenda wapi wananchi wataikataa na mimi nitawaelewa.

Nauli sasa, hapa naombeni tuwe wakweli kwa sababu neno "bure" ni tamu. Tallinn, Estonia, walifanya usafiri wa umma bure kwa wakazi waliosajiliwa 2013, abiria wakaongezeka, lakini sehemu kubwa ya safari mpya ilitoka kwa watu waliokuwa wanatembea kwa miguu, wenye magari waliohama hawakuwa wengi kama ilivyotarajiwa. Luxembourg nchi nzima imekuwa bure tangu 29 Februari 2020, na ile ni nchi tajiri, nauli ilikuwa inafidia kipande kidogo tu cha gharama. Ujerumani walifanya tofauti, Juni mpaka Agosti 2022 wakauza tiketi ya mwezi ya euro 9 kwa mabasi na treni za kawaida nchi nzima, zikauzwa kama milioni 52, alafu Mei 2023 ikaja ya kudumu ya euro 49, imepanda mpaka 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026 maana serikali kuu na majimbo wanavutana nani alipe pengo. Mimi maoni yangu ni kwamba kilichowavutia Wajerumani kwenye ile tiketi kilikuwa urahisi sawa na bei yenyewe, mtu hafikirii tena kanda wala kampuni, anapanda tu. Na upande wa pili kumbuka Santiago tena, Oktoba 2019 nauli ya metro ilipanda peso 30 tu na nchi nzima ikalipuka kwa maandamano, hasira ilikuwa imejaa kwa mambo mengine mengi ila nauli ndo iliyoiwasha. Anayepanga nauli ameshika kitu cha moto.

Metro zisizo na dereva sitaziongelea sana. Copenhagen wanazo tangu 2002, Paris waliibadilisha laini namba 1 iliyojengwa 1900 ikawa inajiendesha yenyewe 2012, Riyadh walianza kufungua Desemba 2024 mtandao wa laini 6 wenye kilomita 176. Faida yake kubwa ni kwamba treni zinaweza kufuatana kwa karibu, na saa za usiku ukaongeza treni bila kuongeza madereva. Nzuri, ghali, inafaa mji wenye abiria wengi na bajeti ndefu.

Magari ya waya ndo yamenishangaza kwa uzuri. Medellín, Colombia, walianza 2004 kuunganisha vilima vya watu wa kipato cha chini na metro, La Paz kule Bolivia kuanzia 2014 wakajenga laini 10, baadhi zinapanda mpaka mji jirani wa El Alto, mita kama 4,000 juu ya usawa wa bahari, na Desemba 2025 hata Paris wamefungua ya kwao kwenye vitongoji. Laini moja inabeba watu kama 3,000 kwa saa kila upande, ni kidogo ukilinganisha na metro, ila kwenye mlima ambako basi linazunguka kona mia hakuna cha kuishinda, na abiria hasubiri maana kibanda kinakuja kila baada ya sekunde chache.

Kwenye simu na kadi mambo yamekimbia pia. London tangu 2012 kwenye mabasi na 2014 kwenye treni za chini unagusisha kadi yako ya benki tu na mfumo unakupigia hesabu usizidishe kiwango cha siku. Taarifa za ratiba karibu zote unazoona kwenye simu zinatumia mpangilio mmoja wa data ulioanzia Portland, Marekani, 2005, na watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliutumia kwa matatu, vile vijibasi vya Nairobi, vijana walipanda magari wakiwa na simu wakarekodi ruti zaidi ya 130 ambazo hazikuwahi kuandikwa popote, ramani ikatoka 2014. Ilikuwa kazi ya gharama ndogo yenye matokeo makubwa, na miji mingi ingeweza kuanza nayo hata kabla ya kununua basi moja. Tofauti na Whim ya Helsinki, aplikesheni iliyoahidi kuuza usafiri wote kwa malipo ya mwezi, kampuni yake ilifilisika 2024, maana simu haiwezi kuleta basi ambalo halipo.

Jambo la mwisho ni la watu wenye ulemavu, wazee, mama mwenye mtoto na mizigo. Curitiba, Brazil, mwaka 1991 walijenga vituo vyenye umbo la mrija ambapo sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, umelipa kabla, unaingia bila ngazi, na wenye viti vya magurudumu wakawekewa vinyanyuzi. Elizabeth line, reli ya London iliyofunguliwa Mei 2022 vituo vyake vyote unafika jukwaani bila kupanda ngazi. Metro ya Paris imeanza 1900, na mpaka sasa katika laini zake zote ni namba 14 tu, iliyofunguliwa 1998, ambayo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kutumia vituo vyake vyote, kwa sababu zile za zamani kuchimba lifti chini ya majengo ni kazi ngumu na hela yake ni nyingi mno. Kwahiyo mji ukileta michoro ya kituo kwa wananchi watoe maoni, lifti na usawa wa sakafu viulizwe siku hiyo hiyo, wakati bado ni mistari kwenye karatasi.