Klipu Haifundishi Peke Yake

"Wawekee video tu, lugha itaingia yenyewe." Nimechoka kuisikia kauli hii, kwa walimu wenzangu na kwa wazazi. Haiingii. Mwanafunzi anayetazama filamu ya saa mbili huku akisoma tafsiri chini ya skrini ameshinda akisoma lugha yake mwenyewe. Maneno mawili matatu atayaokota, sikatai, lakini hilo si somo.

Wanaotetea kauli hiyo humtaja Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani. Yeye alisema tunajifunza lugha tunapoelewa ujumbe. Wao wameshika kusikia, wakaacha kuelewa. Mwaka 2009 watafiti Stuart Webb na Michael Rodgers walichunguza filamu za Kiingereza wakakuta kwamba ili ujue asilimia 95 ya maneno yanayosemwa humo, unahitaji jamii za maneno kama 3,000, yaani neno pamoja na maumbo yake huhesabiwa kuwa jamii moja. Anayeanza yuko mbali mno na hapo. Kwa hiyo kata kipande kifupi, dakika moja au mbili, basi.

Sasa manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya skrini. Watu hubishana yawepo au yasiwepo, wakati suala ni yawe ya lugha gani na yaje lini. Chukua klipu ya kijana aliyesimama mlangoni na simu sikioni: "Nshafika, fungua." Wanafunzi wangu wa Kiswahili wanaijua "nimeshafika" ya kitabuni, ila hapa "me" imemezwa na sikio halina pa kushika. Kwanza naonyesha bila sauti, wakisie huyu ni nani na anataka nini. Kisha sauti bila maandishi. Wengi huandika "fika" tu. Mara ya tatu naweka manukuu ya Kiswahili hichohicho, ndipo wanatambua kwamba neno lililowashinda wanalijua siku nyingi. Halafu nayaondoa, tunasikiliza tena. Raundi hii ya mwisho ndiyo walimu huiruka, na ndiyo inayofundisha sikio! Ukianza na maandishi, jicho litamaliza kazi yote. Manukuu ya mashine yahakiki kwanza, hukosea sana.

Wanaoanza kabisa bado wananitatiza. Nikiwanyima tafsiri wanakata tamaa, nikiwapa wanaacha kusikiliza. Huwa nawawekea mara moja tu wapate kisa, kisha naifuta, na bado sijaridhika kwamba ndiyo njia bora.

Tena kusikia hakutoshi. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain aliandika kuhusu watoto wa Kanada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa miaka kadhaa: walielewa vizuri sana, lakini sarufi ya kuzungumza ilibaki nyuma. Klipu ikiisha, wapange wawili wawili, mmoja nje ya mlango, mwingine ndani akatae kufungua, na asiyetoa sababu ya maana afungue.